Maisha ya Daktari Walter Dandy, Aliyepiga Picha ya Ubongo kwa Hewa

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Baiolojia alitutaka kila mmoja achague mtu maarufu aliyekufa zamani, asome habari zake, kisha aziandike kwa maneno yake mwenyewe. Wenzangu wengi waliwachagua wafalme, majemadari na watu waliovumbua mashine za kusafiria. Mimi nilimchagua daktari mmoja wa Marekani ambaye jina lake halitajwi sana huku kwetu. Walinicheka kidogo, wakaniuliza nimempata wapi mtu huyo. Basi leo nataka kuwasimulieni habari zake, na nitaanza kwa kuwaambieni nimempata wapi.

Nina mdogo wangu wa kike. Alipokuwa na umri wa miaka minane alianza kuamka na maumivu ya kichwa. Kila alfajiri alikuwa akitapika, na baada ya kutapika hupata nafuu, akaenda shule kama kawaida. Alipelekwa kutibiwa mahali pamoja, akapewa dawa ya minyoo. Haikufaa. Akapewa dawa ya malaria. Nayo haikufaa. Miezi mitatu ikapita hivyo. Hata siku moja mama akamwona anatembea akiyumba kama mtu aliyelewa, na jicho lake moja limeanza kwenda upande. Majirani wakaanza kunong'ona maneno yao. Baba hakuwasikiliza. Aliuza ng'ombe wawili, akamchukua mtoto mpaka hospitali kubwa mjini, nami nikafuatana nao kwa sababu ilikuwa likizo.

Huko mdogo wangu alilazwa kwenye kitanda chembamba, akaingizwa katika mashine kubwa yenye tundu la duara. Baadaye daktari alimwita baba atazame picha. Niliuona ubongo wa mdogo wangu kwa macho yangu, mweupe na mweusi, umekatwa vipande vipande kama mkate, ingawa hakuna kisu kilichomgusa. Kisogoni palikuwa na uvimbe mkubwa kama ndimu. Daktari alitueleza kuwa uvimbe ule umeziba njia ya maji ndani ya kichwa, na ndiyo sababu ya yale maumivu na kutapika. Nilimwuliza daktari yule, kwa adabu, watu wa zamani walikuwa wakifanyaje kabla ya mashine hii kuwako. Alinitazama kwa muda, kisha akanitajia jina la Walter Dandy, akaniagiza nikirudi shuleni nitafute habari zake. Nami nimezitafuta.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Walter Edward Dandy alizaliwa tarehe 6 Aprili 1886 katika mji wa Sedalia, jimbo la Missouri, Marekani. Wazazi wake hawakuwa matajiri wala wenyeji wa huko. Baba yake alitoka Uingereza na mama yake alitoka Ireland, wakakutana ugenini. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, akiendesha magari ya moshi. Walter alikuwa mtoto wao wa pekee, nao walimtazamia makubwa.

Mwaka 1903 alimaliza masomo ya sekondari akiwa wa kwanza katika darasa lake. Akaingia Chuo Kikuu cha Missouri, akahitimu mwaka 1907. Mwaka huohuo alikwenda Baltimore, katika jimbo la Maryland, kusoma udaktari katika chuo cha Johns Hopkins, ambacho wakati ule kilikuwa na sifa kubwa kuliko vyuo vingi vya udaktari vya nchi ile. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kusoma mengi ya sayansi, aliruhusiwa kuingia moja kwa moja mwaka wa pili.

Alipokuwa angali mwanafunzi alipewa kazi ya kuchunguza kiinitete cha binadamu chenye urefu wa milimeta 2 hivi. Jamani, chukueni rula mzitazame milimeta hizo mbili! Kitu kidogo kama hicho alikichunguza kwa hadubini, akakieleza kwa michoro na maandishi, na maandishi yake yakapigwa chapa mwaka 1910. Mwaka huohuo alipata shahada yake ya udaktari, naye ana umri wa miaka 24.

ANAACHWA NA MWALIMU WAKE

Katika hospitali ya Johns Hopkins walikuwako mabwana wawili wakubwa wa upasuaji. Mmoja ni William Halsted, mkuu wa wapasuaji wote wa pale. Wa pili ni Harvey Cushing, ambaye wengi humwita baba wa upasuaji wa ubongo. Dandy alipangiwa kufanya kazi chini ya Cushing katika chumba cha majaribio.

Mabwana hawa wawili, Cushing na Dandy, hawakupatana. Wote walikuwa hodari, wote walikuwa wakaidi, nanyi mwajua kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 1912 Cushing alihamia Boston kuwa mkuu wa upasuaji katika hospitali nyingine. Dandy alitumaini kuchukuliwa, lakini mwalimu wake hakumchukua. Akabaki Baltimore bila kazi ya hakika. Msimamizi wa hospitali ndiye aliyemhurumia akampa chumba cha kulala na chakula.

Mimi nikisoma habari hii nilisimama hapo kwa muda mrefu. Kijana wa miaka 26, mtoto wa dereva wa gari la moshi, ameachwa na mkubwa wake. Angeweza kurudi kwao Missouri akafungua zahanati yake na kula vizuri. Yeye alikaa palepale, akatafuta swali la kujibu.

SWALI LA MAJI YA UBONGO

Swali alilolipata lilikuwa hili. Wako watoto ambao kichwa chao hukua kupita kiasi kwa sababu ya maji yaliyojaa ndani. Sisi husema mtoto ana kichwa kikubwa au kichwa maji. Wakati ule watoto hao walikuwa wengi, na karibu wote walikufa au waliharibika akili. Hakuna aliyejua kwa hakika maji yale yatoka wapi na yaenda wapi.

Dandy akafanya kazi hiyo pamoja na daktari wa watoto aitwaye Kenneth Blackfan. Waligundua, kwa majaribio ya mbwa na kwa kuwachunguza watoto wagonjwa, kwamba ndani ya ubongo mna vyumba vinne vyenye maji. Vyumba hivyo vilijulikana tangu kale, lakini mwendo wa maji yake ndio uliokuwa fumbo. Maji hutengenezwa humo vyumbani, hupita katika njia nyembamba sana katikati ya ubongo, hutoka nje na kuuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunywewa na damu. Mabwana hawa waliiziba ile njia nyembamba katika kichwa cha mbwa, na vyumba vya nyuma ya kizuizi vikavimba kwa maji. Kwa kutia rangi katika maji waliweza kujua kama njia ya mtoto mgonjwa iko wazi au imeziba. Habari hizi walizitangaza mwaka 1913 na 1914.

Fikirini mfereji wa shamba la mpunga. Ukitupa gogo katikati ya mfereji, maji hayaachi kuja. Yatajaa upande wa juu mpaka yabomoe kingo. Ndivyo ilivyo kichwani. Na uvimbe ukiota kisogoni, karibu na chumba cha nne, huwa ndio gogo lenyewe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mdogo wangu.

PICHA ISIYOONYESHA KITU

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Eksirei ilivumbuliwa na Röntgen huko Ujerumani mwaka 1895, na kwa muda mfupi tu ikaenea duniani. Daktari aliweza kuuona mfupa uliovunjika bila kukata nyama. Lakini kwa ubongo eksirei ilikuwa karibu kipofu. Huonyesha fuvu, kwa kuwa fuvu ni mfupa. Ubongo, maji yake na uvimbe wake vyote ni vitu laini, navyo huonekana rangi moja kama ukungu.

Mwaka 1916 Dandy na mwenzake Heuer walitangaza uchunguzi wa picha za eksirei za wagonjwa 100 mfululizo waliodhaniwa kuwa na uvimbe wa ubongo. Ni kwa wachache tu uvimbe wenyewe ulionekana. Kwa wengine mpasuaji alilazimika kukisia kwa kutazama macho ya mgonjwa, mwendo wake na nguvu za mikono yake. Mara nyingi alifungua fuvu upande mmoja, na uvimbe uko upande mwingine. Na mtoto mdogo hajui kueleza anaumwa wapi. Hulia tu.

Dandy alijaribu kutia dawa ndani ya vyumba vya ubongo vya wanyama, dawa ambazo huonekana katika eksirei. Alijaribu thoriamu, ayodini, dawa zenye fedha ndani yake, na bismathi. Wanyama wote walikufa, maana ubongo haukubali sumu hizo. Hapo wengi wangekata tamaa.

Lakini Bwana Halsted alikuwa na mazoea ya kusema jambo moja wanapotazama picha za tumbo. Alistaajabia jinsi gesi ya matumbo inavyoonekana nyeusi kabisa hata ikiwa nyuma ya mfupa, kana kwamba imeutoboa mfupa. Watu wengi walimsikia akisema hivyo. Dandy naye alisikia, lakini yeye aliyaweka maneno yale moyoni. Tena mwaka 1913 daktari mmoja wa New York aitwaye Luckett alikuwa ametangaza picha ya mtu aliyevunjika fuvu, ambaye hewa iliingia kichwani mwake kwa bahati mbaya na kuvionyesha vyumba vya ubongo waziwazi. Dandy akawaza, ikiwa sumu haifai, kwa nini tusitumie hewa? Hewa haina sumu, tena huonekana.

KICHWA NA DAFU

Mwaka 1918, naye ana umri wa miaka 32, Dandy alitangaza njia yake. Watoto ndio waliokuwa wa kwanza. Alieleza wagonjwa wapatao 20, watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka kumi na miwili. Kwa mtoto mchanga ambaye utosi wake haujafunga, sindano ilipitishwa hapo utosini. Kwa mkubwa ilibidi kutoboa tundu dogo katika fuvu. Alivuta maji kidogo, akatia hewa kiasi kilekile, akavuta tena, akatia tena, mpaka maji mengi yametoka na hewa imeshika mahali pake.

Ili mwelewe, chukueni dafu. Likiwa limejaa maji, tikisa utakavyo, hutasikia kitu. Toboa, nywa nusu, hewa itaingia. Sasa ukiligeuza dafu huku na huku, hewa hukimbilia juu daima, kama povu katika pimamaji ya fundi mwashi. Dandy aliwageuza wagonjwa wake hivyohivyo. Uso ukitazama juu, hewa hukaa katika sehemu ya mbele ya vyumba. Akilala kifudifudi, hewa huenda nyuma. Kila mara picha hupigwa, na kila picha huonyesha sehemu mpya.

Uvimbe wenyewe haukuonekana. Kilichoonekana ni umbo la vyumba, na kwa umbo hilo daktari alijua uvimbe ulipo. Chumba cha kulia kikisukumwa kushoto, basi adui yuko kulia. Chumba kikifinywa mpaka kikatoweka, adui amekaa juu yake. Vyumba vyote viwili vya mbele vikivimba sawasawa, basi kizuizi kiko nyuma, kisogoni, ambapo uvimbe wa watoto hupenda sana kuota. Ni kama mtu asiyemwona mwizi, lakini aona alivyokaa kitandani, mto umebonyea na shuka limekunjamana.

Mwaka 1919 alitangaza njia ya pili, ya kutia hewa kupitia uti wa mgongo ili ipande yenyewe mpaka kichwani.

UGOMVI NA MADHARA YAKE

Singependa mdhani kuwa kila mtu alishangilia. Njia ile ilikuwa ya mateso. Baada ya kutiwa hewa wagonjwa waliumwa kichwa sana, walitapika, na baadhi yao walikufa, hasa pale ilipofanywa na madaktari wasio na ujuzi au pale ambapo uvimbe ulikuwa umekwisha kuubana ubongo. Cushing hakuipenda. Aliona kuwa daktari mwenye subira aweza kujua mengi kwa kumchunguza mgonjwa vizuri, na kwamba hewa ina hatari. Aliogopa pia kwamba vijana wataacha kujifunza kumtazama mgonjwa, wakitegemea picha.

Ugomvi wao ulikua. Mwaka 1922 Dandy alitangaza kuwa ameweza kuondoa uvimbe wa mshipa wa fahamu wa sikio wote mzima, ambapo Cushing alikuwa akiondoa sehemu tu kwa kuogopa kumwua mgonjwa. Cushing alimwandikia barua ya hasira, naye Dandy akajibu kwa ukali vilevile. Hawakupatana mpaka Cushing alipofariki mwaka 1939.

Nilimwuliza mwalimu wetu nani alikuwa na haki. Alinijibu kuwa wagonjwa walipata faida kwa wote wawili. Mwaka 1925 Cushing na Percival Bailey walieleza na kuupa jina uvimbe mmoja mbaya wa kisogoni uwapatao watoto, uitwao meduloblastoma, jina litumikalo hata leo. Cushing aliwafundisha madaktari kuujua uvimbe ni wa namna gani, na Dandy aliwafundisha kuujua uko wapi. Laiti wangaliketi meza moja!

TABIA YAKE NA KAZI NYINGINE

Kazini Dandy alikuwa mkali. Msaidizi aliyekosea alikaripiwa mbele ya watu, na baadhi yao walifukuzwa. Jambo hili silisifu, lakini silifichi, kwa maana maisha ya mtu yasimuliwe yalivyo. Pamoja na hayo hakuwatoza ada madaktari wenzake, na mara nyingi hakuwatoza maskini pia. Mwaka 1924 alimwoa Sadie Martin, wakajaliwa watoto wanne. Nyumbani, wasema, alikuwa baba mpole.

Mwaka 1923 alitenga chumba chenye vitanda vitatu kwa wagonjwa waliotoka kupasuliwa ubongo, wakawa na wauguzi wao maalumu usiku na mchana. Hospitali zote kubwa sasa zina vyumba vya namna hiyo kwa wagonjwa mahututi. Mwaka 1937 alibana kwa kibanio kidogo cha fedha mshipa wa damu uliovimba ndani ya kichwa, jambo ambalo halikuwa limefanywa kabla yake. Na mwaka 1941 alisaidia kutengeneza kofia ngumu ya kuwakinga vichwa wachezaji wa besiboli wa Brooklyn, kwa kuwa mpira ulikuwa ukiwapiga na kuwaumiza. Wapenzi wa michezo katika shule yetu wamkumbuke kwa hilo.

Iko kazi yake nyingine ambayo imefika mpaka Afrika Mashariki. Tangu mwaka 1918 alijaribu kuondoa vile viungo vidogo vinavyotengeneza maji ndani ya vyumba vya ubongo, na mwaka 1922 alitumia bomba jembamba lenye taa ili atazame ndani ya vyumba hivyo. Vifaa vya wakati ule havikufaa vya kutosha, na wagonjwa wengi hawakupona. Miaka themanini hivi baadaye, katika mji wa Mbale huko Uganda, Daktari Benjamin Warf aliyachukua mawazo ya namna hiyo kwa vifaa vipya, akatoboa njia mpya ya maji na kuvichoma viungo vile kwa pamoja, akawatibu watoto wengi wenye vichwa vikubwa bila kuwawekea mpira wa kudumu wa kutolea maji. Njia hiyo ikatoka Uganda ikaenda mpaka Marekani yenyewe. Mbegu iliyoshindwa kuota Baltimore iliota kwetu.

Dandy hakuhama Johns Hopkins maisha yake yote. Alifariki humo tarehe 19 Aprili 1946 kwa ugonjwa wa moyo, siku chache baada ya kutimiza miaka 60.

KUTOKA HEWA MPAKA SUMAKU

Picha za hewa zilitumika duniani kwa miaka zaidi ya hamsini. Mwaka 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine aliyoitengeneza Godfrey Hounsfield, ambayo hupiga eksirei kutoka pande nyingi na kuacha hesabu za kompyuta ziunganishe picha. Hesabu za namna hiyo zilikuwa zimetafutwa mapema na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kuliwaza jambo hili alipokuwa akisaidia kazi ya mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Hapo hewa ya Dandy ikapumzishwa, wala hakuna aliyeililia.

Kisha ikaja mashine ya sumaku, ile aliyoingizwa mdogo wangu. Haitumii eksirei. Sumaku yenye nguvu nyingi huyapanga maji ya mwilini, mawimbi ya redio huyasukuma kidogo, na mashine husikiliza yanavyorudi mahali pake. Picha yake huonyesha ubongo wenyewe, uvimbe wenyewe, na maji yenyewe.

Siku hizi madaktari huiuliza mashine hiyo maswali zaidi. La kwanza ni mwendo wa maji ndani ya uvimbe. Mtu hapiti upesi katika soko siku ya gulio, kwa sababu ya msongamano. Vivyo hivyo maji hayatembei vizuri mahali ambapo seli zimesongamana, na meduloblastoma ina seli zilizosongamana sana. Katika astrositoma ya namna ile isiyo kali seli zimeachana, na maji hutembea kwa nafasi. La pili ni kemikali. Mashine yaweza kupima kemikali zilizomo ndani ya uvimbe bila kuukata, na kila namna ya uvimbe ina mchanganyiko wake, kama mpishi ajuavyo kwa harufu kama chunguni mna samaki au maharage. La tatu ni nyuzi za fahamu. Picha huonyesha zinapita wapi, ili mpasuaji azikwepe asije akamwacha mtoto kiwete au bubu.

Kwa hiyo kabla ya kushika kisu daktari anajua uvimbe uko wapi, na aweza kukisia kwa nguvu ni wa namna gani. Neno la mwisho lingali la hadubini na vipimo vya chembe za urithi, lakini makisio mema husaidia sana kupanga kazi. Ugomvi wa Cushing na Dandy, uvimbe wa namna gani na uko wapi, umepatanishwa ndani ya mashine moja.

MANENO YA MWISHO

Mdogo wangu alipasuliwa. Uvimbe wake ulikuwa astrositoma, wa namna isiyo kali. Nilikaa kwenye benchi pamoja na baba tangu asubuhi mpaka jua likapinduka, wala hatukusemezana. Leo amerudi shuleni. Angali anayumba kidogo akikimbia, na mwandiko wake umeharibika, lakini anaimba, anagombana nami, na hatapiki tena alfajiri. Kila baada ya miezi kadhaa baba humrudisha kupigwa picha.

Nimejifunza mambo matatu katika maisha ya Daktari Dandy. Kwanza, aliyeachwa na mkubwa wake hajaachwa na kazi. Pili, maneno ya walimu huwafikia wote, lakini huwafaa wale wanaoyaweka moyoni, kama Dandy alivyoyaweka maneno ya Halsted juu ya gesi. Tatu, kitu kizuri cha leo kimesimama juu ya kitu chenye makosa cha jana. Wale watoto 20 wa kwanza, ambao majina yao hatuyajui, waliotobolewa vichwa na kutiwa hewa, wamemsaidia mdogo wangu ambaye hawakumjua. Nawashukuru wao kama nimshukuruvyo daktari.

Na kwenu wazazi mnaosoma gazeti letu, nawaombeni jambo moja. Mtoto akiumwa kichwa kila alfajiri na kutapika, akianza kuyumba, au macho yake yakienda upande, msitosheke na dawa ya minyoo. Mpelekeni hospitali, mwombeni daktari amtazame kichwa. Siku hizi kuna namna ya kutazama.